Kuuliza si ujinga, kujibu je?

Alfajiri ile hata madirisha sijafungua, nikasikia hodi. Mlangoni alisimama kijana wa mikate. Gurudumu la mbele la baiskeli yake kalitia begani, na mkononi ameshika tairi jipya, bado lina zile nywele za mpira ambazo matairi hutoka nazo kiwandani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Saa hizi si ungekuwa Chumbageni na mikate?"

"Tairi linagoma kuingia, mama. Nadhani mimi ndiye sijui kulivisha."

Angesema nimemdanganya, ningepata la kujitetea. Hakusema. Alijilaumu mwenyewe, tena kwa adabu, na mimi nikajua palepale kwamba kosa lile lina mwenyewe, na mwenyewe amejifunga khanga amesimama mlangoni.

Juzi yake alipita dirishani kwangu kuniuliza anunue tairi la saizi gani. Nilikuwa nageuza kola ya shati la mteja, pini zimejaa mdomoni, nikamjibu bila kuinua macho: "Baiskeli yako inchi 26. Chukua lolote la 26, bora mpira uwe mzito."

Bora mpira uwe mzito! Ungenisikia ungedhani nimezaliwa kwenye kiwanda cha matairi.

Nikamkaribisha barazani. Tukalilaza gurudumu sakafuni, nikapiga magoti, tukaanza kushindana nalo. Upande mmoja ukiingia, wa pili unachomoka, kama suruali ya mtoto kwenye mguu wa baba. Alikuwa amehangaika tangu saa nane usiku kwa vipini vya vijiko. Vijiko viwili vimepinda, na tyubu imepata matundu mawili yaliyokaa jirani kama macho. Robo saa ikapita, mgongo ukaanza kunidai, ndipo nikafanya nililopaswa kulifanya juzi. Nikalisoma tairi.

Jipya: 26 x 1.95. Chini yake, kwa maandishi madogo, 50-559.

La zamani, lililochanika ubavu: 26 x 1 3/8. Chini yake, 37-590.

Yote mawili 26.

Asubuhi ile kijana hakuuza mkate hata mmoja. Mwenzake alichukua njia yake, akawachukua na wateja wa siku ile. Mchana nilimwona anapita juu ya baiskeli, ana tairi kuukuu lakini linazunguka. Fundi wa barabara ya 9 alimpatia. Sikumuuliza fundi alijuaje. Niliona haya.

## Raha ya kuulizwa

Watu wa Tanga sina haja ya kuwaeleza baiskeli. Nitasema tu kwamba yangu ni mtumba wa Japani, ina kikapu mbele na fremu iliyoinama unayoweza kuipanda na dera, na mpaka leo ina stika ya maandishi ambayo sijui kama ni jina la shule au onyo. Ya kijana wa mikate ni ndugu yake. Pengine zilishuka kwenye kontena moja.

Nilianza kuitengeneza mwenyewe miaka mitatu iliyopita, kwa sababu ninayoona aibu kidogo kuiandika: sikupenda kukaa kwenye benchi la fundi. Mwanamke mtu mzima, katikati ya wanaume wanaocheza bao, anasubiri pancha. Basi usiku, watoto wakishalala, nikawa natazama video. Wanaume wenye aproni safi, baiskeli imening'inizwa kama mbuzi anayechunwa, na ukutani kila spana imechorewa umbo lake ili irudi mahali pake. Pampu zao zinabana valvu nyembamba kama kalamu, ambayo Ngamiani sijawahi kuiona. Halikunishtua hilo, na lingenishtua mapema ningepona mengi.

Lakini nilijifunza, siwezi kukana. Nilijifunza kusugua tyubu kwa msasa kabla ya solusheni, na kuiacha solusheni ikauke mpaka isinate kidoleni ndipo kiraka kiwekwe. (Wengi wetu tunabandika ikiwa mbichi, halafu tunalaumu kiraka.) Nilijifunza kwamba pedeli ya kushoto ina thredi za kinyume, hukazwa kwa kuzungushwa upande ambao kila nati nyingine hulegea. Hilo nililijua baada ya kulazimisha pedeli ya kulia iingie kushoto, nikakaza kwa hasira, nikala thredi zote za mkono wa pedeli. Kwenye ncha ya ekseli palikuwa pameandikwa R, yaani kulia. Sikutazama.

Majirani wakaona nafungua na kufunga. Mama wa mchicha akaja na cheni inayoruka. Mwalimu wa madrasa akaja na habu, kitovu cha gurudumu, inayokwaruza. Nikaanza kujibu, na hapo ndipo penye utamu wenyewe, niwe mkweli. Mwanamke anayejulikana kwa kupunguza suruali anaulizwa habari za gololi, anajibu, na wanaume wanaitikia "ahaa".

Wazee walituambia kuuliza si ujinga. Kuhusu kujibu walinyamaza.

## Nukta na mkato

Dukani walikataa kulipokea lile tairi kwa sababu lina alama za vijiko, na sikuwalaumu sana. Nilitaka kumlipa kijana pesa yote; alipokea nusu. "Na mimi nilikuwa na macho, mama." Tairi nikalitundika ukutani juu ya cherehani. Kwa wiki kama tano lilinitazama. Kila nikiinua kichwa kutia uzi kwenye sindano, 50-559.

Ilibidi nijue.

Kumbe ile 26 haipimi ringi. Ni kipimo cha tairi lenyewe kwa nje likiwa limejaa upepo, tena kipimo cha mazoea ya zamani, cha kukadiria. Tairi nene likikaa kwenye ringi ndogo na jembamba likikaa kwenye ringi kubwa, kwa nje yote mawili yanafika karibu na inchi 26. Zile namba ndogo ndizo zenye ukweli. Ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha pale ndani ya ringi ambapo waya wa ukingo wa tairi hukaa. Piga hesabu: 590, ongeza 37 mara mbili, unapata 664, ambazo ni inchi 26 na chembe. 559, ongeza 50 mara mbili, unapata 659, ambazo ni inchi 26 kasoro chembe. Kwa nje ni mapacha. Kwa ndani wanapishana milimita 31, na milimita 31 hakuna kijiko kitakachozivuka.

Kilichoniudhi zaidi ni habari ya nukta. Katika kazi yangu moja na nusu ni moja na nusu; iandike 1.5, iandike 1 1/2, kitambaa hakijali. Kwenye matairi sivyo. 26 x 1.75 ni tairi la 559, jamii ya baiskeli za milimani. 26 x 1 3/4 ni 571, ringi nyingine kabisa. Hesabu ni ileile, tairi si lilelile. Wenye nukta na wenye mkato ni koo mbili zisizooana.

Hakuna aliyekaa akapanga fujo hii. Kila nchi na kila kiwanda kilikuwa na desturi yake, na kila mmoja kwao aliishi na desturi moja bila shida. Sisi tunaopokea mitumba ya nchi zote ndio tuliorithi desturi zote kwa mpigo. Ukisema 26 peke yake unaweza kuwa unasema 559, 571, 584, 590 au 597. Hata 28 yetu tuliyoizoea, ile ya baiskeli za Phoenix ya 28 x 1 1/2, ni 635, wakati 28 nyingi zinazotoka Ulaya siku hizi ni 622. Nina jamaa yangu Raskazone aliletewa tairi la 28 zawadi kutoka Ujerumani. Leo limezungushiwa shina la mchaichai uani kwake, na mchaichai umestawi.

## Uzi

Baada ya kusoma nikataka kupima. Mshonaji nisipopima mimi apime nani?

Futi yangu ina sentimita 150 na mzunguko wa ringi unazidi hapo. Nikachukua uzi wa katani, ambao hauvutiki, nikaivua tairi baiskeli yangu, nikauzungusha uzi kwenye ukingo wa ringi, nikaweka alama, nikaupima. Sentimita 189. Ukigawa kwa 3.14 unapata kipenyo cha milimita 602.

602 haipo. Ipo 597. Ipo 609, ya zile za Kijapani zinazoandikwa 27 x 1 3/8. Pale penye 602 hapana mtu.

Nikapima tena, 189. Nikavua na la nyuma, 189. Siku mbili nzima niliamini kwamba ringi za mtumba zinapanuka kwa joto la Tanga, na kama mtu angeniuliza siku hizo, Mungu anisamehe, ningemjibu hivyohivyo.

Siku ya tatu nilikuwa napinda gauni la bibi harusi, nikaona. Mtu hapimwi kwenye upindo. Mimi nilikuwa nimepima ule ukuta wa ringi unaosimama kwa nje, kumbe waya wa tairi hukaa chini yake, kwenye kibaraza cha ndani, kama milimita 6 kila upande. Nikauacha mkia wa gauni mezani, nikarudi kwenye ringi, nikautumbukiza uzi ndani mpaka ukalala kwenye kile kibaraza.

Sentimita 185 na milimita tatu.

Gawa.

590.

Nilipiga kigelegele peke yangu chumbani. Bibi harusi, aliyekuwa anasubiri barazani, akadhani gauni limekwisha.

## Ukurasa wa nyuma wa daftari

Ningeishia hapo na kigelegele changu, lakini ile sauti ya "mimi ndiye sijui kulivisha" haikuondoka. Nina daftari la vipimo vya wateja: kifua, kiuno, urefu. Ukurasa wake wa nyuma nikaandika majibu yote niliyowahi kuwapa watu kuhusu baiskeli, yale niliyoyakumbuka. Kisha nikapita juu ya kila moja nikijiuliza: hili nililijua, au nililisikia?

Solusheni ikauke. Nalijua.

Gololi. Mwalimu wa madrasa nilimwambia "jaza tu". Habu ya nyuma ya kawaida huchukua gololi 9 kila upande, za robo inchi. Ya mbele huchukua 10 ndogo zaidi, za 3/16. Zikijazwa mpaka zikabanana zinasuguana zenyewe kwa zenyewe na kula kikombe. Ni lazima ibaki nafasi kidogo. Mwalimu alitia 9 kwa sababu ya kumi ilikataa kukaa sawa, na yeye ni mtu asiyelazimisha mambo. Bahati yake, si elimu yangu.

Mafuta ya cherehani kwenye cheni. Jibu hili watu walilipenda sana, kwa kuwa limetoka kwa mshonaji. Ni mepesi, yanapenya vizuri, na baada ya siku chache za vumbi na upepo wa bahari hayapo tena. Bado yanaishinda oili chafu ya gari, ambayo hukusanya mchanga ukageuka msasa. Nilijipa nusu alama.

Kotapini, ile pini inayoshika mkono wa pedeli kwenye ekseli. Hapa nilifumba macho. Mama wa mchicha anatumia Phoenix ya marehemu mumewe, pedeli ilikuwa inacheza, nikamwambia mwanawe aitoe ile pini kwa nyundo. Aliigonga uchi, bila kuacha nati kwenye ncha, bila kuegemeza mkono wa pedeli juu ya kitu kigumu. Thredi zikabondeka kama kichwa cha uyoga. Pini haikutoka, haikurudi. Tena pini zile hazina unene mmoja, kuna za milimita 9 na za 9.5, na nusu milimita hiyo ndiyo tofauti ya pedeli kukaa na pedeli kucheza. Nilikuwa nimeona kotapini moja tu katika maisha yangu, nikazisemea zote.

Cheni ndiyo iliyoniuma kuliko yote, maana hapo nilikuwa na kifaa. Cheni mpya, kutoka katikati ya pini moja mpaka katikati ya pini ya 24 kutoka hapo, ni inchi 12 kamili. Upande wa inchi wa futi ya kushonea unatosha kabisa: ivute cheni ikaze, anza kwenye pini, tazama mstari wa 12 unaangukia wapi. Pini ikiupita mstari kwa 1/16 ya inchi, badilisha cheni. Ikiupita kwa 1/8 umechelewa, meno nayo yameshalika kuifuata cheni mbovu, na ukitia cheni mpya peke yake itaruka. Cheni ya mama wa mchicha ilikuwa inaruka. Nilimwambia anunue mpya. Akanunua, kwa pesa ya mafungu mangapi ya mchicha sitaki kuhesabu, na ikaruka vilevile.

Futi ilikuwa shingoni mwangu wakati namjibu.

## Video hazikukosea

Kwa muda nilitafuta wa kumlaumu. Wale wenye aproni safi walikuwa karibu.

Lakini niliporudi kuzitazama sikuona kosa. Walisema kweli, kwa baiskeli zilizo mbele yao. Nilichokuwa sijakiona ni kwa nini wao wanatengeneza nyumbani. Kule saa moja ya fundi ni pesa nyingi, na kipuri ukiagiza kwa namba kinakuja kwa namba hiyo. Kwa hiyo mtu anajifunza kufungua na kufunga, ili aokoe ujira.

Kwetu mambo yamegeuka. Ujira wa fundi wa kona ni mdogo kuliko nauli ya kwenda kununua kipuri chenyewe. Kinachotukausha ni kununua: kununua kisichoingia, kununua kinachoingia na kukatika wiki ya pili, kununua mara mbili. Dukani matairi yamepangwa kama chapati, muuzaji ana haraka, ukimuuliza anasema "yote sawa, mama". Hapo kwenye kaunta ndipo baiskeli nyingi za mji huu zinapoharibikia. Mimi nilijifunza spana miaka mitatu, na siku kijana aliponiuliza swali la kaunta, nikawa sina tofauti na yule muuzaji.

Yote sawa, mwanangu. Bora mpira uwe mzito.

Nilifikiri niache kabisa kujibu. Nikafikiri tena kwamba huko nako ni kujipenda kwa namna nyingine: nimeaibika, basi watu wapotee wenyewe. Wiki ya tano au ya sita nikalitoa tairi ukutani, nikalifunga kwenye keria, nikaenda barabara ya 9.

## Chini ya mkungu

Miaka mitatu nimempita yule mzee nikimsalimu huku nakanyaga pedeli, kama mtu anayedaiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi mwenzangu."

Wacheza bao wakacheka. Nilistahili.

Nikamuuliza: siku ile ya kijana wa mikate, ulijuaje tairi la kumpa? Swali hakulielewa. Alidhani namtuhumu kwa tairi kuukuu. Nikalirudia.

"Nilipima," akasema.

"Kwa kitu gani?"

Akaninyooshea kidevu kuelekea kwenye shina la mkungu. Palikuwa na msumari, na kwenye msumari paliangikwa mizunguko ya waya mwembamba, ambayo miaka yote nilidhani ni takataka anazosubiri kuwauzia wanunua chuma chakavu. Ni waya za matairi yaliyokufa. Ukilichana tairi pembeni, kila ukingo una waya uliofungwa duara, na huo ndio unaoshika ringi. Kila duara kalifunga kipande cha kitambaa. Chekundu ni Phoenix. Kijani ni baiskeli za milimani. Cheupe ni "Mjapani wa kikapu". Anaulaza waya ndani ya ringi. Ukikaa bila kucheza na bila kulazimishwa, amemaliza. Akienda dukani anakwenda na duara lake mkononi, analilinganisha na waya wa tairi jipya, na hamwulizi mtu.

Nilimwambia cheupe ni 590. "Sawa," akasema, kwa upole, kama mtu anayetajiwa jina la Kizungu la mti alioupanda mwenyewe.

Nyumbani kwangu kuna msumari pia. Una karatasi za kukatia: shingo, kola, mkono wa kanzu, kila moja na alama yake ya chaki. Umekaa pale tangu mwanangu wa kwanza hajazaliwa. Nilikaa kwenye lile benchi nikiutazama msumari wa mzee, nikaona wangu, na sikusema kitu kwa muda.

Nikamuuliza kama tunaotengeneza nyumbani tunamkatia riziki. Nilitaka kulisikia hilo, nadhani, ili niombe radhi nimalize.

"Pancha zibeni tu," akasema. "Mimi nala kwa kusuka ringi kwa spoku." Akaokota nati, akaipangusa. "Kinachoniumiza ni mtu kuniletea kitu ameshakinunua. Jana mtu kaniletea ringi ya matundu 36, habu yake ya matundu 40. Nifanyeje? Nikikataa, najifanya. Nikihangaika nikaifunga ikapinda, fundi mbovu. Dukani harudi kugomba. Anarudi hapa."

Kisha akalichukua tairi langu, akalipitishia waya wa kitambaa cha kijani, likakaa palepale. Akalitundika pamoja na mengine. Tulikubaliana likiuzwa tutagawana.

## Breki

Wiki iliyopita kijana wa mikate akasimama tena dirishani.

"Mama, breki ya nyuma inalia mpaka mbwa wanabweka. Niitie nini?"

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Niliwahi kuona video, msasa kidogo hapa, kaza pale. Nikazitoa pini mdomoni moja moja nikazichoma kwenye mto wake.

"Sijui," nikasema. "Twende."

Mzee alikuwa amekwenda kuswali alasiri. Wacheza bao wakasogea nikapata nafasi kwenye benchi. Alipofika aliigeuza baiskeli juu chini, akaizungusha, akabana breki. Sauti iliyotoka iliwanyamazisha hata kunguru. Akafungua kifuniko kwenye habu, akapangusa vumbi, akaupitisha kidole mkanda wa breki kuona kama una mafuta, hauna. Kama umekwisha, bado mnene. Akafunga, akakaza waya kidogo, akazungusha, akabana.

Ikalia vilevile.

Tukatazamana, mimi na kijana.

"Mzee, sasa?"

"Hizi breki za mkanda zilishuka melini zikilia," akasema, huku anafuta mikono kwenye tambara. "Inashika, haishiki?"

"Inashika, babu."

"Basi muuza mikate, wewe kengele unaitakia nini?"